Viwavi wa Nyanjige

"Dada, ukiendelea kunipumulia shingoni hivi, nitaandika kwamba viwavi wako wamekufa kwa upepo."

Rogasian alisema hayo bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini. Felisita akarudi nyuma hatua moja, kisha akasogea tena. Miguu yake ilikuwa na tope la Migato mpaka magotini, na kofia ya pikipiki bado ilikuwa kichwani, maana alisahau kuivua. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Bariadi chenye meza mbili, hadubini moja na feni iliyokata tamaa ya kuzunguka. Rogasian alikuwa Mrombo mwembamba aliyesomea wadudu Morogoro miaka mitatu, halafu ajira ikampangia ng'ombe. Siku ambayo mtu alimletea wadudu ilikuwa kwake sikukuu.

Mezani palikuwa na chupa ya asali isiyo na asali. Ndani yake walilala viwavijeshi sita, weusi na laini, wengine wameshapasuka na kugeuka uji.

"Niambie tu," Felisita alisema. "Ni sumu au si sumu?"

"Subiri."

Kusubiri ndiko kulikokuwa kunamuua. Kesho yake, Jumamosi, wanakijiji walikuwa wakutane kuamua kama mama mmoja aitwaye Nyanjige atengwe, na kosa, ukilifuata mpaka kwenye mizizi, lilikuwa la Felisita mwenyewe.

Felisita alikuwa Bibi Shamba wa Migato, mtu wa Muleba, na mwaka huo ulikuwa wa tatu tangu aletwe huku kufundisha Wasukuma kulima. Wao walimpokea vizuri, wakaendelea kulima walivyokuwa wakilima. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, viwavijeshi waliingia. Waliingia kama wanavyoingia siku zote, jana hawapo, leo mahindi yanasikika yakitafunwa. Dawa ya kupuliza ikasemekana iko njiani, na huko njiani ikakaa. Watu wakasimama kwenye mipaka ya mashamba yao mikono kiunoni, wakitazama chakula cha mwaka kikiliwa.

Ndipo Felisita alipopita kwenye mtama wa Nyanjige akaona kitu. Viwavi kadhaa walikuwa wamepanda mpaka ncha ya jani, wamekufa, wananing'inia vichwa chini. Ukimgusa mmoja, ngozi inapasuka kama karatasi iliyolowa. Alikumbuka semina moja ya zamani, ya siku mbili, aliyoihudhuria zaidi kwa ajili ya chai. Mkufunzi alisema viwavi wanaokufa hivyo wameugua kirusi, na kwamba ukiwatwanga, ukawachanganya na maji, ukachuja na kuwanyunyizia wazima, ugonjwa unaenea.

Nyanjige alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ekari moja na nusu, macho mekundu kwa moshi wa jiko, na maneno machache. Felisita akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, watwange kwenye kinu kibovu ambacho hukitumii tena. Nyunyiza jioni, maana jua linaua hiyo dawa. Tumia majani, hatuna bomba la kupulizia. Na tafadhali, usimwambie mtu kwanza, mpaka tuone."

Hilo la mwisho alilisema kwa aibu zake mwenyewe. Hakuwa amemwomba mkuu wake ruhusa. Aliogopa kwamba ikishindikana, watamcheka kuanzia Migato mpaka Lagangabilili.

Sasa chukua maagizo hayo, mpe bibi kizee wa Kisukuma, halafu utazame kwa macho ya jirani. Jua linazama. Mama mjane amejifunga kaniki nyeusi, kwa sababu hakutaka kuchafua kanga yake nzuri. Mkono mmoja ana chungu, mkono mwingine ana kicha cha majani. Anazunguka shamba lake polepole, anachovya, ananyunyiza, anachovya, ananyunyiza. Unamuuliza, "Mayu, unafanya nini?" Hajibu. Jamani! Hapo hata mchungaji wa kanisa angekusanya Biblia yake akakimbia.

Baada ya siku sita viwavi wa Nyanjige wakafa. Walining'inia kila mahali, mamia kwa mamia, na mtama wake ukabaki umesimama katikati ya mashamba yaliyobaki vijiti. Wiki hiyohiyo ndama wawili wa mzee Machibya wakafa. Ng'ombe wa Machibya wakienda malishoni hupita kandokando ya shamba la Nyanjige, na Machibya ndiye mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi, pale kijijini. Watu walijumlisha wenyewe, na hesabu ikatoka vibaya.

Ikaanza kimyakimya. Nyanjige akitoa salamu, haiitikiwi. Asiyejua Usukuma anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Huku salamu ni nusu ya siku. Mtu anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, mvua ya kwenu inasemaje, ndipo mnaachana. Mtu asiyeitikiwa salamu ameshaanza kuzikwa. Na Jumamosi dagashida, yaani mkutano wa kijiji kizima, ilikuwa iamue atengwe rasmi: asipewe moto, asipewe chumvi, asichote maji na wenzake, akifa asizikwe na mtu. Felisita alijua pia kwamba bibi mwenye macho mekundu anayesemwa ni mchawi, kutengwa ndiyo heri yake. Kuna mabaya zaidi, na yalikwisha kutokea kwingine.

Walimuuliza Nyanjige, mara ya kwanza, mara ya pili: nani alikufundisha? Hakusema. Aliambiwa asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu.

Na Felisita? Alijua yote hayo kwa siku nne nzima na hakufungua mdomo. Alijidanganya kwamba anasubiri kujua kwanza. Maana ukweli uliomkosesha usingizi ni huu: hakuwa amethibitisha chochote. Aliona viwavi vichwa chini akakumbuka semina, basi. Je, kama si kirusi? Je, kama kuna mtu alimwaga sumu ya pamba pale shambani, viwavi wakafa kwa sumu, Nyanjige akaitwanga na kuinyunyiza mpaka kwenye nyasi za kando, na ndama wakairamba? Basi aliyeua ndama ni Bibi Shamba, na anayeadhibiwa ni mjane.

"Njoo utazame," Rogasian alisema.

Alivua kofia, akainama. Aliona duara la mwanga, na ndani yake punje nyingi ndogo zinazong'aa, mithili ya chumvi iliyomwagwa juu ya kioo.

"Hizo ndizo?"

"Huenda. Huenda pia ni mafuta ya mwili wa kiwavi, nayo hung'aa hivyohivyo. Usifurahi kwanza." Alichukua kichupa, akadondosha tone moja kwenye ukingo wa kioo. "Hii ni dawa kali ya jamii ya magadi. Mafuta hayana habari nayo. Tazama sasa, usipepese."

Felisita alitazama. Tone likaingia polepole, na pale lilipopita, punje zikafifia moja baada ya nyingine, zikayeyuka, mpaka duara likabaki tupu.

"Zimeondoka," alisema. "Rogasian, zimeondoka!"

"Basi hongera, una kirusi. Au niseme sawasawa: kirusi chenyewe ni kidogo mno, hadubini hii haikioni hata ukilia. Ulichokiona ni nyumba zake. Virusi hulala humo ndani kwa maelfu, juu ya majani, vikimsubiri kiwavi ale. Tumbo la kiwavi ni kali kama magadi, kwa hiyo nyumba inayeyuka, vyenyewe vinatoka, na kazi inaanza. Kuna virusi vingi vya wadudu, lakini vyenye nyumba za namna hii ninazoziona mimi ni vya viwavi. Ng'ombe hawahusiki, wala mtu."

Felisita alitafuta kiti, hakukiona, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Mawe!" alisema kwa Kihaya chake, akacheka, halafu akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja. Rogasian akajifanya anafuta vioo.

"Ni kirusi gani hasa?" aliuliza baadaye, akijipangusa kwa kiganja.

"Hilo hatujui. Kujua kwamba ni kirusi ni kama kujua kwamba mgeni ni Msukuma. Bado hujauliza ukoo. Nitatuma nusu ya chupa hii maabara kubwa wakasome vinasaba vyake. Miezi miwili, wakiwahi."

"Mimi nina kesho."

"Kwa kesho hiki kinatosha. Ila nieleze, hao ndama walikufaje?"

Felisita akaeleza alivyosikia: wamevimba chini ya masikio, wanakohoa, mapovu puani. Na wa tatu alikuwa ameanza jana.

Rogasian aliweka kioo chini. "Kwa maneno hayo ningesema ni ugonjwa wa ndigana. Lakini sijamwona ndama, na mimi sisemi kitu ambacho sijakiona." Akamtazama. "Pikipiki yako inabeba wawili?"

"Wawili na hadubini."

"Hadubini naishika mimi. Wewe ukianguka, anguka upande wako."

Dagashida ilikaa asubuhi ya Jumamosi mbele ya ghala la pamba, jua likiwa limeshapanda. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili wakiwa wamenyoosha miguu. Nyanjige alikaa peke yake katikati, kwenye mfuko mtupu wa pamba, amejifunga ile kanga yake nzuri.

Machibya alisimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye hasira za haki, na ilionekana machoni kwamba alilala zizini na ndama wake. "Mayu Nyanjige," alisema, "nakuuliza mara ya tatu, na baada ya hii sitauliza tena. Ulinyunyiza nini, na nani alikufundisha?"

Nyanjige alitazama mikono yake. "Nilinyunyiza viwavi," alisema. "Aliyenifundisha simtaji."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akajifunika uso.

Mpango wa Felisita ulikuwa mzuri sana. Hadubini ingetangulia kusema, watu wangetulia, naye angeingiza habari zake mwishoni, polepole, wakati ambapo haziumi. Alikuwa ameupanga njia nzima kutoka Bariadi. Lakini aliposikia lile "simtaji", mpango ukamwagika wote. Yule mama hakumtupia jicho hata mara moja, alivyoogopa kwamba jicho lingemchongea.

"Ni mimi!" Felisita alisema. Alisema kwa nguvu mno, kama mtu anayeita mtoto aliye kisimani. Akasimama. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia atwange, nikamwambia anyunyize jioni, nikamwambia anyamaze. Yote ni maneno yangu. Mama huyu amenifichia siri, na mimi nimekaa siku nne ninamtazama akipita bila salamu, nimenyamaza kama jiwe. Kama kuna wa kutengwa, nitengeni mimi."

Mbuzi alipita katikati ya mkutano na hakuna aliyemfukuza.

"Bibi Shamba," Machibya alisema mwishowe, "kumbe una mdomo."

"Ninao, baba. Nilichelewa kuutumia."

"Haya. Ndama wangu je?"

Hapo Rogasian akafungua sanduku. Aliweka hadubini juu ya mzani wa pamba, akageuza kioo chake kikashika jua, akaanza kueleza habari za nyumba na za tumbo la kiwavi. Alitoa kichupa chake, akadondosha tone, akasema punje zimeyeyuka, anayetaka aje atazame.

Machibya hakusogea. "Hicho kichupa umetoka nacho mjini," alisema. "Mimi nitajuaje kilichomo? Hata mganga hutoa kichupa mfukoni, akadondosha, akasema tazameni. Wewe na yeye mnatofautiana shati tu."

Watu wakacheka. Lakini Rogasian hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri tangu chuoni.

"Mzee umesema kweli," alijibu. "Tusitumie changu. Nani ana magadi nyumbani?"

Nani hana magadi Usukumani? Wanawake wakatazamana. Ya Nyanjige yasingekubalika, hilo lilikuwa wazi. Ndipo Ng'washi, mke wa Machibya, mama mnene asiyependa maneno marefu, alipoinuka akajipangusa mavumbi.

"Nitaleta ya kwangu," alisema. "Ndiyo ninayowawekea kwenye mlenda kila siku, na hamjafa."

Alirudi na bonge la magadi na kibakuli cha maji. Rogasian alimwachia alisage na kulikoroga mwenyewe, akamwachia pia achovye kijiti na kudondosha tone. Halafu akamwita Machibya.

Machibya aliinama, akakunja uso. "Naona nyasi nyeusi."

"Hizo ni kope zako, mzee. Inua kichwa kidogo."

Kicheko kingine. Machibya akainua kichwa kidogo, akatulia. Mkono wake uliokuwa kiunoni ukashuka taratibu. "Zinakwisha," alisema, na sauti ya mtemi haikuwamo tena. "Ng'washi, zinakwisha! Njoo uone, zinakwisha kweli."

"Ni magadi yangu," Ng'washi alisema. "Lazima zikwishe."

"Sasa sikilizeni," Rogasian alisema. "Hilo ndilo tumbo la kiwavi. Tumbo la ndama likoje? Nyinyi ni wafugaji, siwafundishi. Maziwa yakiingia tumboni kwa ndama yanakuwaje?"

"Yanaganda!" walijibu wengi kwa pamoja, hata watoto.

"Yanaganda kwa nini?"

"Kwa ukali wake," alisema mama mmoja. "Ule uchachu."

"Nileteeni mtindi."

Ukaletwa. Alichuja maji yake kwa kitambaa mara mbili, akaonyesha kwanza tone la maji hayo peke yake, ili watu wajue kilichomo kabla hajaweka kitu. Kisha akachanganya tone jingine na ule uji wa viwavi. Machibya akatazama. Akasubiri. Ng'washi akatazama. Wakapanga foleni, wakatazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeinua kichwa alisema lilelile: zipo, hazijakwisha, zimekaa tu.

"Mlango haufunguki humo," Rogasian alisema. "Ndama akila nyumba hizi anazitoa na kinyesi zikiwa zimefungwa vilevile."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama basi wao wanaokula mlenda wenye magadi wako salama. Rogasian akamwambia tumbo la mtu lina uchachu wa kumaliza magadi ya kijiko kimoja kabla hata hajainuka kwenye kigoda. Mzee akashusha pumzi mpaka fimbo ikamponyoka.

"Basi ndama wangu," Machibya alisema kwa mara nyingine, lakini sasa alikuwa anauliza kweli.

Mkutano mzima ukahamia nyumbani kwake, watu na mbuzi. Ndama wa tatu alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida. Rogasian alipapasa chini ya sikio, akakuta tezi imevimba sawa na limau. Akaichoma sindano, akavuta majimaji, akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi. Rangi ikaachwa ishike, na nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko mkutano wote. Nyanjige alikuwa amebaki nje ya boma, maana hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza.

"Ndigana," Rogasian alisema hatimaye. "Hii hapa, vijidudu vyake nimeviona, safari hii sibahatishi. Wale wawili waliokufa siwezi kuwaapia, sikuwaona, lakini dalili zao ni hizihizi. Ndigana inaletwa na kupe, mzee, si na viwavi. Mara ya mwisho mifugo imeogeshwa lini?"

Ng'washi akajibu kwa niaba ya mumewe. "Tangu viwavi waingie hajaenda joshoni. Alikuwa na kazi ya kumchunga Nyanjige."

Mama wee! Watu walitazama chini ili wasicheke mbele ya mtemi, na wengine hawakuweza. Machibya mwenyewe alisimama akitazama kupe aliyenona kwenye sikio la ndama, kupe ambaye mtoto wa miaka mitano angemwona. Alimng'oa kwa kidole na gumba. Alimtazama kiganjani kwa muda.

Rogasian akamchoma ndama sindano ya ndigana, akasema tumewahi kidogo, tumwombe Mungu.

Hukumu ilitolewa palepale uani. Nyanjige hana kosa. Machibya alisema hivyo akiwa amevua kofia, na akaongeza kwamba yeye mwenyewe atampelekea kondoo, kwa kuwa mtemi akikosea hakosei kidogo. Kisha akamgeukia Felisita.

"Wewe una kosa," alisema.

"Ninalo, baba."

"Si la kutwanga viwavi. La kunyamaza. Tungekuwa tumeshamtenga mtu asiye na kosa, na dhambi ingekuwa yetu sote. Adhabu yako ni hii. Keshokutwa alfajiri utamchukua mayu Nyanjige, utapita naye nyumba kwa nyumba, kila nyumba iliyokataa salamu yake. Yeye atasalimia, wao wataitikia, wewe utaeleza kwa Kisukuma, si kwa Kiswahili cha ofisini, alichokuwa anafanya na jinsi wengine wanavyoweza kukifanya. Usiruke nyumba hata moja."

"Nitaanza na yako, baba?"

Machibya alikohoa. "Yangu iwe ya mwisho."

Jumatatu wakaenda. Felisita alidhani watamaliza kabla ya chai, na hapo ndipo ulipoonekana ugeni wake. Nyumba zilikuwa arobaini na moja. Kila nyumba ilikuwa na salamu ya siku hiyo na ya siku zote zilizopita bila salamu, kwa hiyo zikawa nyingi. "Mwangaluka!" Nyanjige angesema mlangoni, kwa sauti ndogo, na Felisita angeona vidole vyake vimeshika pindo la kanga. "Mwangaluka, mayu!" wangejibu, wengine haraka mno kwa aibu. "Mhola?" "Mhola duhu." Halafu watoto, halafu ng'ombe, halafu mvua. Halafu Kisukuma cha Felisita, ambacho kiliwavunja watu mbavu kuanzia nyumba ya kwanza. Katika nyumba moja alitaka kusema kiwavi hufa akining'inia, akasema mwenye nyumba hufa akining'inia. Walimlazimisha kurudia mara tatu, si kwa sababu hawakuelewa.

Kila waliposonga, sauti ya Nyanjige iliongezeka kidogo. Kufika nyumba ya ishirini, alikuwa anasalimia kabla hajafika uani.

Nyumba ya mwisho, jua lilikuwa limeshapita utosini. Ndama wa tatu alikuwa amesimama. Miguu ilitetemeka, masikio yamelala, lakini alikuwa amesimama chini ya mama yake na mdomo wake ulikuwa na povu la maziwa, si lile jingine. Felisita alishika nguzo ya zizi, akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu ile siku ya kwanza, na akahisi amekuwa mwepesi kiasi cha kuweza kupeperushwa. Machibya akatoka ndani. Nyanjige hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Mtemi ndiye aliyeanza, kwa salamu ya mchana. "Mwadila, mayu," alisema, na akainama kidogo, na mama akaitikia.

Majibu ya maabara kubwa yalikuja baada ya miezi mitatu, wakati mtama wa Nyanjige ulikuwa umeshavunwa na wengine wameshajifunza kutwanga. Rogasian aliyasoma kwenye simu. Kirusi kilikuwa cha ukoo unaojulikana wa virusi vya viwavijeshi, ila vinasaba vyake vilikuwa na tofauti zake chache, za nyumbani, hivyo kimewekwa kwenye orodha kwa jina la mahali kilipookotwa: Migato. Felisita alimpelekea Nyanjige habari hizo mbio.

"Migato?" Nyanjige alisema. "Migato ilitwanga?"

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Jumatatu ile walirudi wawili kwa njia ya katikati ya mashamba, wamechoka, mikono imejaa karanga na viazi walivyopewa. Felisita alikuwa ametafuta maneno tangu nyumba ya kwanza, na mpaka hapo hakuyapata.

"Mayu," alisema, "nisamehe. Nilikuambia unyamaze."

"Uliniambia." Nyanjige alitembea hatua kadhaa. "Siku nyingine usinifundishe kunyamaza, mwanangu. Hilo nalijua. Nimekuwa mjane miaka kumi na minane."

Mbali, upande wa pili wa bonde, mwanamke alikuwa anapalilia, mdogo kwa umbali, hata sura haikuonekana. Nyanjige akasimama. Akaweka viazi chini, akaweka viganja mdomoni.

"Mwadila!"

Mwanamke kule akanyanyuka, akatafuta, akapunga jembe. "Mwadila, mayu!"

Nyanjige akaita tena. Ikaitikiwa tena.

"Amekwisha kuitikia," Felisita alisema.

"Nimesikia," Nyanjige alisema, machozi yakimshuka bila yeye kujipangusa, akajaza pumzi kifuani, akaita mara ya tatu.